Mlingoti Unaotetema Gatini: Upepo wa Kiasi na Uchovu wa Metali

Watu wengi hudhani kuwa adui wa mlingoti ni dhoruba peke yake. Dhana hiyo ina ukweli wake, kwani upepo mkali huweza kuvunja milingoti na kupasua matanga katika bahari yoyote duniani. Hata hivyo, wenye mashua za kisasa za tanga, ambazo milingoti yake ni mabomba ya alumini yanayoshikiliwa kwa nyaya za chuma cha pua, wanamfahamu adui mwingine aliye mpole zaidi. Mashua imefungwa gatini, matanga yameteremshwa, na baharini hakuna wimbi la kutisha. Upepo wa kiasi unavuma kutoka ubavuni, ule ambao mvuvi angeuona kuwa mzuri wa kutwekea tanga. Punde mlingoti unaanza kutetema. Mtetemo unashuka hadi sakafuni, vyombo vya jikoni vinagongana, na anayeuwekea mlingoti kiganja anahisi metali ikipigapiga kama mshipa wa damu. Jambo la ajabu ni hili: upepo ukipungua kidogo, mtetemo unakoma, na upepo ukizidi, mtetemo unakoma vilevile.

Kama ukubwa wa nguvu ya upepo ndio pekee unaoutikisa mlingoti, basi upepo mkali zaidi ungeutikisa zaidi. Kwa kuwa haiwi hivyo, hapana budi sababu itafutwe kwingine. Sababu hiyo haimo katika nguvu ya upepo, bali imo katika wakati: yaani, ni mara ngapi katika sekunde moja upepo unausukuma mlingoti.

Vizingia nyuma ya nguzo

Mtu akisimama juu ya daraja na kuyatazama maji ya mto yanavyozipita nguzo zake, ataona kuwa maji hayaifuati nguzo mpaka mgongoni. Yanaachana nayo ubavuni, na nyuma yake yanajiviringisha kwa duara. Kila mviringo wa namna hiyo huitwa kizingia. Akitazama kwa makini zaidi ataona kuwa vizingia havitoki pande zote mbili kwa pamoja. Hupokezana: kimoja kulia, kingine kushoto, tena kulia, tena kushoto, mithili ya nyayo za mtu anayetembea juu ya mchanga.

Hewa nayo hutiririka kama maji, na nyuma ya mlingoti hufanya vivyo hivyo, ila macho hayaioni. Kila kizingia kinapojitenga, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake juu ya kila kipande cha eneo, hupungua katika ubavu huo, na mlingoti unavutwa kidogo kuelekea huko. Kizingia kinachofuata hutoka ubavu wa pili na kuuvuta kinyume. Hivyo upepo unaovuma mfululizo kutoka upande mmoja huzaa nguvu inayokwenda na kurudi. Na nguvu hiyo haifuati mwelekeo wa upepo. Hukata njia yake kwa pembe mraba. Upepo ukitoka ubavuni mwa mashua, mlingoti hutetema kuelekea mbele na nyuma.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Mnamo mwaka 1650 mtaalamu Mjerumani Athanasius Kircher alieleza habari za kinubi cha upepo, chombo chenye nyuzi ambazo huimba zenyewe zikiwekwa penye upepo. Kwa zaidi ya miaka 200 watu waliufurahia muziki huo bila kuujua vizuri msingi wake. Mwaka 1878 mwanafizikia Mcheki, Vincenc Strouhal, aliufanyia jambo hilo majaribio ya vipimo. Alinyoosha waya kwenye fremu, akaizungusha fremu hewani kwa kasi mbalimbali, na kuisikiliza sauti. Aligundua kuwa sauti hupanda kadiri kasi inavyoongezeka, na hushuka kadiri waya unavyokuwa mnene. Lililostaajabisha zaidi ni kwamba urefu wa waya na kukazwa kwake havikuibadili sauti hiyo.

Mwaka uliofuata, 1879, mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alionyesha kuwa uzi unaoimba katika mkondo wa hewa hutetema kwa kukatiza mkondo, haufuati mkondo. Mwaka 1908 Mfaransa Henri Bénard aliandika juu ya vizingia vinavyopokezana nyuma ya kitu kinachopita majini. Kisha mwaka 1911, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, Theodore von Kármán aliyaeleza hayo kwa hesabu. Mwenzake mmoja, Karl Hiemenz, alikuwa akipima mkondo wa maji unaoipita nguzo ya mviringo, naye alisumbuliwa na maji yasiyotaka kutulia. Hiemenz alidhani kuwa nguzo yake haikuchongwa sawasawa, akaichonga upya, lakini maji yaliendelea kuyumba. Von Kármán alitambua kuwa kasoro haikuwa katika nguzo wala katika mfereji. Kuyumba ndiyo tabia yenyewe ya mkondo. Alikokotoa kuwa safu mbili za vizingia zinaweza kudumu ikiwa tu vimepangwa kwa kupishana, tena kwa uwiano maalumu wa nafasi. Hadi leo safu hizo hutajwa kwa jina lake, na picha za satelaiti huzionyesha katika mawingu yaliyo nyuma ya visiwa virefu vya milima, kama vile Madeira na visiwa vya Kanari.

Kanuni nyepesi

Matokeo ya Strouhal yanaweza kuandikwa kwa kanuni fupi:

f = 0.2 × v ÷ d

Hapa f ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. V ni kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde. Na d ni kipenyo cha nguzo kwa mita. Namba 0.2 ni ya makadirio. Inafaa kwa nguzo za mviringo katika vipimo na pepo za kawaida, na hubadilika ikiwa umbo ni la mraba au la yai.

Na tuchukue waya wa kushikilia mlingoti wenye kipenyo cha milimita 6, yaani mita 0.006, katika upepo wa mita 9 kwa sekunde. Kanuni inatoa 0.2 × 9 ÷ 0.006, ambayo ni hezi 300. Hiyo ni sauti inayosikika wazi, na ndiyo mvumo unaosikika bandarini, au chini ya nyaya za simu kando ya barabara.

Sasa na tuchukue mlingoti wenyewe. Ikiwa kipenyo chake ni sentimita 12, yaani mita 0.12, na upepo ni wa mita 6 kwa sekunde, jibu ni 0.2 × 6 ÷ 0.12, ambayo ni hezi 10. Sikio haliwezi kuusikia mtetemo wa hezi 10 kama sauti, lakini mwili wauhisi.

Bembea na mlingoti

Kutoka kwa vizingia peke yake hakutoshi kuuletea mlingoti madhara, kwani nguvu ya kila kizingia ni ndogo. Hatari huja nguvu hiyo ndogo inapopatana na mtetemo wa asili wa mlingoti.

Kila kitu chenye unyumbufu kina mtetemo wake wa asili. Rula iliyobanwa mezani na kuguswa ncha, uzi wa gitaa, tawi la mti: kila kimoja, kikiguswa mara moja na kuachwa, hutetema kwa idadi yake maalumu kwa sekunde. Mtoto aliye juu ya bembea hutoa mfano ulio wazi. Akisukumwa kidogo kidogo, lakini kila mara katika wakati unaofaa, bembea hupanda juu sana. Akisukumwa kwa nguvu bila kujali wakati, misukumo mingine huongeza mwendo na mingine huupunguza, na bembea haifiki mbali.

Vizingia ndivyo mikono inayosukuma. Ikiwa mlingoti wa mfano wetu una mtetemo wa asili wa hezi 10, basi upepo wa mita 6 kwa sekunde, ambao ni karibu maili za bahari 12 kwa saa, utausukuma kila mara katika wakati wake. Upepo wa mita 3 kwa sekunde utausukuma mara 5, na wa mita 12 utausukuma mara 20 kwa sekunde, na misukumo hiyo haipatani na mtetemo huo. Hiki ndicho kitendawili kilichotajwa mwanzoni, na jibu lake ni hili. Mtetemo unakoma upepo ukizidi kwa sababu vizingia vimeuacha nyuma mwendo wa mlingoti.

Kuna jambo moja zaidi. Mlingoti ukisha kutetema vya kutosha, wenyewe huanza kuviamuru vizingia. Vizingia hufuata mwendo wake na kutoka kwa wakati uleule kuanzia chini hadi juu, hata kama kasi ya upepo imebadilika kidogo. Ndiyo maana mtetemo unaoanza kwa kasi fulani hauondoki mara upepo unapobadilika kidogo, bali hung'ang'ania mpaka upepo uwe tofauti sana.

Kwa waya mambo ni tofauti kidogo. Waya mrefu una mitetemo mingi ya asili iliyo karibu karibu, hivyo kila upepo hupata mmoja wa kupatana nao. Hii ndiyo sababu kuukaza au kuulegeza waya hakubadili sana sauti inayosikika, kama Strouhal alivyoona. Mlingoti, kwa upande wake, una mitetemo ya asili michache iliyo mbalimbali, na hapo ndipo mhandisi anapopata nafasi ya kuingilia.

Uchovu wa metali

Mwanafunzi anaweza kuuliza: kuna ubaya gani mlingoti ukitetema kwa milimita chache? Kelele huzuia usingizi, lakini haiivunji mashua.

Jibu limo katika hesabu ya mizunguko. Mlingoti unaotetema kwa hezi 10 hukunjwa na kukunjuliwa mara 36,000 kwa saa. Katika muda usiofika saa 28 utakuwa umekunjwa mara milioni 1. Mashua inayokaa gatini msimu mzima, ikipigwa na upepo ule ule wa kiasi, huweza kufikisha mamilioni mengi bila kusafiri hata maili moja.

Katika karne ya 19 mhandisi Mjerumani August Wöhler alichunguza kwa nini mihimili ya magurudumu ya gari moshi huvunjika chini ya mizigo ambayo ilitazamiwa kuibeba bila shida. Alionyesha kuwa metali iliyoweza kustahimili mzigo mkubwa mara moja huweza kuvunjwa na mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Ufa mdogo huanza penye kona kali, tundu la ribiti, au maungio yaliyolehemiwa, kisha huongezeka kidogo katika kila mzunguko. Chuma cha pua cha kawaida kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake ufa hauanzi hata kikirudiwa mara nyingi sana. Alumini haina kiwango bayana cha namna hiyo. Kila mzunguko unahesabiwa. Katika mashua, mahali pa kuchunguzwa ni pale mikono inayotandaza nyaya inapoungana na mlingoti, penye ncha za nyaya, na kuzunguka matundu. Mlingoti huangukia baharini siku ya upepo mzuri, nayo dhoruba haikuwako. Kazi ya kuuvunja ilikwisha fanywa polepole gatini.

Njia tatu za kuutuliza

Kwa kuwa ugonjwa umejulikana, dawa zake zinafuata kwa mantiki. Zote ni za aina tatu.

Njia ya kwanza ni kuvivuruga vizingia. Vizingia huleta madhara vinapotoka kwa pamoja katika urefu wote wa mlingoti. Kamba ikizungushwa mlingotini kwa mzunguko wa kupanda, kama mtambaa unavyopanda mti, hewa huachana na mlingoti mahali tofauti katika kila kimo. Kila kizingia hutoka kwa wakati wake, na nguvu zao hupingana badala ya kujumlishana. Wanamaji wengi hutumia henza isiyo na kazi kwa shughuli hiyo. Wengine hupandisha ukanda mrefu wa kitambaa katika mfuo uliopo mgongoni mwa mlingoti. Ukanda huo huzizuia bavu mbili zisipokezane. Kwa sababu hiyo hiyo mlingoti wenye tanga lililotwekwa kwa kawaida hautetemi: tanga lenyewe ni ukuta baina ya pande mbili za hewa, na pia hunyonya nguvu ya mtetemo.

Njia ya pili ni kuubadili mtetemo wa asili. Mlingoti ukishikiliwa mahali pengine katikati, sehemu iliyo huru hufupika na mtetemo wake hupanda. Hapo upepo wa kawaida wa bandari haupatani nao tena. Milingoti mingi ya alumini ina nyaya nyingi za ubavuni lakini ina mategemeo machache ya mbele na nyuma, na tumekwisha ona kuwa upepo wa ubavuni huutetemesha mlingoti kuelekea huko huko. Kwa hiyo kamba moja iliyokazwa kutoka katikati ya mlingoti hadi mbele ya mashua huweza kuleta utulivu mkubwa. Kukaza au kulegeza waya wa nyuma nako husaidia, mradi mtu asipite kipimo alichopewa na mtengenezaji.

Njia ya tatu ni kuinyonya nguvu ya mtetemo ili igeuke joto. Kwa nyaya za umeme kifaa mashuhuri kilibuniwa na George Stockbridge, mhandisi wa Marekani, katika miaka ya 1920. Ni kipande kifupi cha kamba ya waya chenye uzito kila ncha, kinachofungwa kwenye waya mkuu karibu na mnara. Waya ukitetema, vizito hivyo huchezacheza, na nyuzi za ile kamba fupi husuguana na kuimaliza nguvu. Vifaa hivyo vinaonekana katika njia za umeme wa msongo mkubwa duniani kote. Ndani ya nguzo zilizo wazi, mnyororo uliovikwa mpira na kuning'inizwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa kugongagonga kuta.

Kila dawa ina gharama yake. Kamba iliyozungushwa huongeza nguvu ya upepo inayousukuma mlingoti, hivyo yafaa gatini lakini haifai safarini, na dhoruba ikitazamiwa ni heri iondolewe.

Mti na bomba

Yafaa kuuliza kwa nini majahazi ya mwambao wetu hayakusumbuliwa na jambo hili. Fizikia inatoa sababu tatu. Kwanza, mlingoti wa jahazi ni mti unaopungua unene kuelekea juu, na kwa kuwa f hutegemea d, kila kimo hutoa vizingia kwa idadi yake, havipatani. Pili, mti hunyonya mtetemo ndani yake kwa wingi kuliko alumini, ambayo ikigongwa hulia kama kengele. Tatu, mti ni mzito na mzima, hali bomba ni jepesi, na kitu chepesi hutikiswa na hewa kwa urahisi zaidi. Mafundi wa zamani hawakukokotoa hayo, lakini vifaa walivyovichagua viliwakinga.

Somo hili linavuka pwani. Palipokuwa na nguzo za miti sasa pana nguzo za metali: za taa za barabarani, za antena, za bendera, na mabomba marefu ya moshi ya viwanda. Mwaka 1957 Waingereza Christopher Scruton na D. E. J. Walshe, wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya nchi yao, walipendekeza mabomba ya moshi yawekewe mapezi ya kuzunguka kwa kupanda. Mapezi hayo, ambayo kwa kawaida ni matatu na hufunika sehemu ya juu, ni ndugu wa ile kamba ya baharia.

Inafaa pia kusahihisha kosa lililoenea vitabuni. Daraja la Tacoma Narrows la Marekani, lililoanguka tarehe 7 Novemba 1940, hutajwa mara nyingi kama mfano wa vizingia vinavyopatana na mtetemo wa asili. Uchunguzi umeonyesha kuwa mwendo wa kujipinda ulioliangusha ulikuwa wa aina nyingine: daraja lenyewe, kwa kujipinda, lilichota nguvu kutoka katika upepo, na kila pindo lilizidisha lililofuata. Mtetemo wa namna hiyo haukomi upepo ukizidi, bali huongezeka. Mwalimu atakayezitofautisha hali hizo mbili atakuwa amewafaa wanafunzi wake.

Majaribio ya darasani

Vifaa vichache vyatosha. Beseni pana lijazwe maji yaliyotulia, na juu yake yanyunyiziwe unga wa mbao. Fimbo yenye kipenyo cha sentimita 1 isimamishwe wima majini na kuvutwa taratibu kwa mstari ulionyooka. Vizingia vitaonekana vikipokezana nyuma yake. Wanafunzi wapime nafasi kati ya vizingia viwili vya upande mmoja. Kanuni inasema kuwa katika mzunguko mmoja fimbo husafiri umbali wa v ÷ f, ambao ni d ÷ 0.2, yaani mara 5 ya kipenyo. Kwa kuwa vizingia navyo huifuata fimbo kidogo, nafasi itakayopimwa itapungua kiasi. Kasi ikibadilishwa, je, nafasi itabadilika sana? Kisha fimbo izungushiwe uzi mnene kwa kupanda, jaribio lirudiwe, na mpangilio wa vizingia ulinganishwe.

Jaribio la pili lifanyike uwanjani, mbali na wenzao. Spoki ya baiskeli yenye unene wa milimita 2, ikipitishwa hewani kwa mita 20 kwa sekunde, hutoa sauti ya karibu hezi 2,000. Fimbo yenye unene wa milimita 20 kwa kasi ile ile hutoa hezi 200 tu, na mvumo wake ni mzito. Aliyezisikia sauti hizo mbili ameisikia kanuni ya Strouhal kwa masikio yake, na akipita chini ya waya unaovuma ataweza kukadiria kasi ya upepo kwa kuujua unene wa waya tu.